Boksi la Mtumba kwa Injini ya IST: Tathmini ya Duka Moja la Gerezani na Fundi Aliyelifunga

Naandika tathmini hii miezi mitano baada ya kubadilisha kompyuta ya injini ya gari langu, Toyota IST ya mwaka 2004 yenye injini ya 2NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,298, na kuweka kompyuta iliyokwisha kutumika katika gari jingine. Mafundi wa Dar es Salaam huiita kompyuta hiyo kontroli boksi, na ndivyo nitakavyoiita, au boksi tu pale nitakapochoka na urefu wa jina. Huduma ninazozitathmini ni mbili: duka la spea zilizotumika lililopo Gerezani, Kariakoo, ambako nililinunua boksi, na fundi umeme wa magari aliyelipima, akalikataa la kwanza, kisha akalifunga la pili. Majina nimeyaacha. Anayeijua Gerezani anajua kwamba maduka ya namna hii yamepangana bega kwa bega, na yaliyonikuta katika moja yanaweza kumkuta mwingine katika la pili.

Tatizo lilianza katika mvua za masika. Asubuhi moja gari liliwaka kwa shida, injini ikawa inakatakata, hali ambayo mafundi huiita kumisi, na taa ya injini kwenye dashibodi ikawaka na kubaki imewaka. Gereji ya kwanza niliyokwenda ilichomeka mashine ya kupimia, ikasoma msimbo uliohusu koili (kifaa kinachotoa umeme wa cheche) ya silinda ya 3, na bila kuuliza zaidi ikanibadilishia koili hiyo kwa shilingi 70,000 na plagi nne kwa shilingi 48,000. Gari lilitulia kwa siku mbili za jua. Siku ya tatu mvua ilinyesha usiku kucha, na asubuhi taa ilikuwa imewaka tena kwa msimbo uleule. Niliporudi gereji nikaambiwa kwamba huenda koili niliyofungiwa ilikuwa mbovu, na kwamba ninunue nyingine. Hapo ndipo niliposhukuru na kuondoka.

Fundi wa pili nilielekezwa na jirani. Ni kijana mwenye kibanda kidogo kisicho na bango, na vifaa vyake vyote vinaingia katika sanduku moja, lakini kimoja kati ya hivyo ni osiloskopu ya mkononi, kifaa kinachochora mapigo ya umeme kwenye kioo, na kwa maoni yangu hicho ndicho kilichotenganisha kazi yake na ile ya gereji. Alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye gari alijue kabla hajafungua pochi: msimbo wa hitilafu hutaja njia, hautaji mkosaji. Mashine inapoandika koili ya silinda ya 3, maana yake ni kwamba mawasiliano kati ya kompyuta na koili hiyo hayakukamilika. Mkosaji anaweza kuwa koili, waya, soketi au kompyuta yenyewe, na mashine haina namna ya kumjua.

Alianza na yaliyo rahisi. Alipima betri injini ikiwa imezimwa akapata volti 12.6, akaiwasha injini na kupima chaji ya altaneta, mashine inayochaji betri, akapata volti 14.1, kwa sababu altaneta inayopitisha umeme mkali ni miongoni mwa vitu vinavyoua kontroli boksi, na kufunga boksi zima kwenye gari lenye altaneta mbovu ni kulipeleka machinjioni. Akakagua fyuzi na relei ya mfumo wa mafuta, akafuata nyaya zinazokwenda kushika kwenye chuma cha injini na cha bodi. Kisha akachukua koili ya silinda ya 3 akaihamishia silinda ya 1, na ya silinda ya 1 akaipeleka kwenye ya 3. Msimbo haukuhama na koili. Ulibaki silinda ya 3. Kwa jaribio hilo la dakika tano, lisilogharimu hata senti, koili ya shilingi 70,000 niliyofungiwa gereji ikathibitika kuwa haikuhitajika.

Kilichofuata kilichukua karibu saa nzima, nami nilikaa kwenye kigoda nikitazama. Katika injini za familia hii kila koili ina waya nne: mmoja huleta umeme, mmoja hurudi kwenye chuma, mmoja hupokea amri ya kurusha cheche kutoka kwenye kompyuta, na mmoja huirudishia kompyuta taarifa kwamba cheche imetoka. Fundi aliweka ncha ya osiloskopu kwenye waya wa amri wa koili moja baada ya nyingine. Kwenye ya 1, ya 2 na ya 4 kioo kilionyesha mapigo ya kama volti 5 yakipanda na kushuka kwa mpangilio, mithili ya meno ya msumeno uliolala. Kwenye ya 3 kulikuwa na mstari mnyoofu. Akapima waya huo kutoka soketi ya koili hadi soketi ya kontroli boksi, akakuta haujakatika wala haujagusana na chuma. Mwisho akapima amri pale inapotoka, kwenye pini ya boksi lenyewe, na hapo pia hapakuwa na kitu. Ndipo aliponiambia, kwa sauti ya mtu asiyefurahia, “Dada yangu, sasa tunaweza kulifungua.”

Kontroli boksi la IST yangu limejificha nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Alitoa kwanza waya wa hasi wa betri, akasubiri, akashika chuma cha gari kabla ya kugusa boksi ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha akalitoa. Lilikuwa na alama nyeupe za maji yaliyokauka kwenye kona. Ndani, upande wa soketi, bodi ya saketi ilikuwa imeota ukungu wa kijani, na njia mbili za shaba zilikuwa zimeliwa kabisa. Swali likawa maji yalikotoka, na fundi alikuwa na jibu kabla sijamaliza kuuliza: je, kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa? Kiliwahi, mwaka mmoja kabla, baada ya jiwe la lori kukipasua. Gundi ilikuwa imewekwa kwa pupa kwenye kona ya chini upande wa kushoto, na kila mvua ilipozidi, matone yalipita nyuma ya dashibodi na kulidondokea boksi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa kuwa ndipo ubora wa huduma hii ulipoonekana. Nilikuwa tayari kwenda Kariakoo siku hiyohiyo. Fundi alikataa kulifunga boksi lolote, jipya au la mtumba, kabla kioo hakijatolewa na kupakwa gundi upya, na baada ya gundi kukauka alimwagia kioo maji kwa mpira kwa robo saa huku mimi nikiwa ndani ya gari nikimulika tochi nyuma ya droo. Kontroli boksi haifi bure. Huuawa na maji, na kuchaji kupita kiasi, na betri iliyoungwa kinyume wakati wa kubusti, na fundi wa bodi aliyechomelea chuma bila kutoa waya wa betri, au koili yenye shoti iliyochoma sehemu inayoiendesha. Muuaji akiachwa ndani ya gari, boksi la pili litalifuata la kwanza, na muuzaji wa Gerezani atasema, kwa haki kabisa, kwamba aliuza spea nzima. Gereji ngapi zinaichukua kazi ya kutafuta sababu kuwa ni sehemu ya kazi? Kwa uzoefu wangu ni chache.

Njia zilizokuwapo mbele yangu zilikuwa tatu. Boksi jipya lingepaswa kuagizwa nje, na bei niliyotajiwa ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilitabasamu tu. Kulitengeneza la zamani ni njia nzuri pale uharibifu unapokuwa mdogo, kama ilivyo kwa maboksi mengi ya miaka ya 1990 ambayo kapasita zake huvuja na kubadilishwa kwa gharama ndogo, lakini fundi aliona kwamba ukungu ulikuwa umeingia chini ya chipu ambazo hangeweza kuziona, na kwamba hata njia zilizoliwa zikiungwa kwa waya mwembamba, hakuwa tayari kunihakikishia masika ijayo. Ikabaki njia ya mtumba.

Kuhusu mtumba wa aina hii ni vyema kusema ukweli mapema. Boksi lililotumika lina umri uleule wa gari lako, na halina kilomita zinazosomeka popote. Hata lililotoka kiwandani bila kasoro inayoonekana linaweza kuwa na udhaifu wake. Mwezi Agosti 2010 Toyota iliyarudisha kwa matengenezo magari yapatayo milioni 1.13 ya Corolla na Matrix ya miaka ya 2005 hadi 2008 huko Marekani na Kanada, kwa sababu risasi ya kulehemu au kifaa kimoja ndani ya kompyuta zake za injini kingeweza kupata ufa na kulizima gari. Hayo hayakuwa magari yetu, lakini yanatosha kumkumbusha mnunuzi kwamba boksi linaweza kuwa safi nje na lina ufa ndani, na kwamba kinachomlinda ni majaribio kwenye gari lake mwenyewe pamoja na neno la kurudisha lililoandikwa.

Gerezani tulikwenda pamoja, mimi na fundi, na boksi letu bovu likiwa mkononi kama sampuli. Kabla hatujaliona duka tulilotaka, winga watatu, yaani madalali wa mtaani, walikwisha kutupokea, na mmoja alitaka kulichukua boksi “akalifananishe” na kurudi baada ya dakika mbili. Fundi alilikumbatia kama mtoto. Nashauri kila mtu afanye hivyo, kwa kuwa sampuli ikitoka mkononi huna hakika ya kitakachorudi, na lebo yenye namba ndiyo mali yako ya pekee katika mazungumzo yote yanayofuata.

Namba hiyo ndiyo kiini cha ununuzi. Namba za kompyuta nyingi za injini za Toyota huanza na tarakimu 89661, kisha hufuata kistari na herufi au tarakimu tano nyingine, na hizo tano za mwisho ndizo zinazolitenga gari moja na jingine. Maboksi mawili yanaweza kuwa na umbo moja, rangi moja na soketi zinazoingiana bila kulazimishwa, huku moja likiwa la giaboksi ya kawaida na jingine la otomatiki, moja la gari linalovuta magurudumu mawili na jingine la gari linalovuta yote manne, moja la injini ya 1NZ-FE ya sentimita za ujazo 1,497 na jingine la 2NZ-FE kama yangu.

Duka lenyewe ni jembamba, na ndani kuna rafu za chuma hadi darini. Nililipenda kwa jambo moja tangu mwanzo: maboksi yalikuwa yamepangwa kwa aina ya gari, yamefungwa kwa nailoni, na yako mbali na sakafu. Maduka mengine niliyochungulia yalikuwa yameyarundika kwenye ndoo pamoja na mota za vioo na vipande vya redio. Maboksi mengi yalikuwa na maandishi ya Kijapani yaliyoandikwa kwa kalamu ya rangi ya njano, kama wanavyofanya wanaochinja magari kule, na muuzaji alisema kwamba mzigo wake mwingine hupitia Sharjah, Falme za Kiarabu. Nilimuuliza pia, bila kumung’unya maneno, kama huuza yaliyotolewa kwenye magari ya watu usiku. Alicheka, lakini alinionyesha kwamba maboksi yake yalikuwa na vipande vya nyaya vilivyokatwa kwa koleo na vumbi la muda mrefu kwenye soketi. Hilo si ushahidi wa mahakamani, ila lilinitosha kuendelea.

Ubaya wa duka ulianza kwenye namba. Muuzaji hakuiangalia lebo. Alisikia neno IST, akanyoosha mkono, akaleta boksi na kutaja shilingi 350,000. Fundi alipomwonyesha kwamba herufi ya mwisho haikulingana na yetu, alijibu, “Dada, IST zote hizi ni baba mmoja mama mmoja, nenda kafunge.” Nilitamani kumwambia kwamba hata watoto wa baba mmoja na mama mmoja hawavai viatu vya namba moja, lakini nilikuwa nahitaji bei ishuke. Ilishuka hadi 230,000, kwa sharti kwamba tutalijaribu kwa siku 3 na kulirudisha likikataa, na fundi akasisitiza sharti hilo liandikwe kwenye risiti pamoja na namba kamili ya boksi. Muuzaji aliandika kwa mwandiko wa kinyongo. Ukutani nyuma yake palikuwa na karatasi iliyosema kwamba spea za umeme zikiuzwa hazirudishwi.

Kama fundi alivyohofia, gari halikuwaka. Stata ilizungusha injini vizuri, pampu ya mafuta ililia, lakini nozeli zinazonyunyiza mafuta zilikuwa kimya na hapakuwa na cheche hata moja. Mashine ya kupimia ilisoma B2799, msimbo ambao kwa Toyota huhusu mfumo wa kuzuia wizi kwa funguo zenye chipu. Boksi lilikuwa limetoka kwenye gari lenye mfumo huo; langu halina. Lilikuwa linangoja funguo lake lililobaki Japani, na bila kulisikia lisingeruhusu injini kupumua. Mtu mmoja kibandani alijitolea kulifungua na kuifuta kumbukumbu iliyomo kwenye chipu ndogo yenye miguu 8 ili lisahau funguo, kazi ambayo inawezekana na hufanywa kila siku mjini. Fundi wangu hakuona sababu ya kuchokoa bodi nzima kwa chuma cha moto wakati boksi lenye namba sahihi lilikuwa halijatafutwa.

Tulirudi Gerezani kesho yake asubuhi, nami nilijiandaa kwa vita. Haikutokea. Muuzaji alisoma mwandiko wake mwenyewe kwenye risiti, akalikagua boksi kuona kama limefunguliwa, akaona mihuri ya rangi kwenye skrubu iko salama, na akakubali. Zaidi ya hapo, safari hii aliivaa miwani, akaisoma namba yote, akampigia simu mwenzake wa mtaa wa pili, na baada ya dakika 40 kijana alileta boksi lenye tarakimu na herufi zote sawa na letu. Hakuongeza bei. Kwa hilo nalipatia duka heshima yake, ingawa nashindwa kuelewa kwa nini simu hiyo haikupigwa siku ya kwanza, na kwa nini mteja asiyekuja na fundi wala risiti yenye maandishi aangukie kwenye ile karatasi ya ukutani.

Boksi la pili lilifungwa kwa dakika 20. Kabla ya kulichomeka fundi alilinusa, kwa kuwa boksi lililoungua hubaki na harufu yake kwa miaka, akatazama pini moja moja kwa tochi kutafuta ukijani au pini iliyopinda, na kukagua mshono wa kasha kama una alama za bisibisi. Gari liliwaka kwa mara ya kwanza. Sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, ilikuwa ikipanda na kushuka, na giaboksi ilibadilisha gia kwa kusitasita. Nilitaka kuanza kuhuzunika, lakini nilielezwa kwamba kompyuta iliyotoka kwenye gari jingine inahitaji muda wa kuizoea injini mpya. Baada ya kusafisha throto, mlango wa hewa ya injini, na kuendesha kama kilomita 40, mchanganyiko wa foleni ya Buguruni na barabara iliyo wazi, sailensi ilitulia kwenye mizunguko 700 hivi kwa dakika. Fundi alirudia pia kipimo cha osiloskopu, na safari hii koili zote nne zilionyesha meno ya msumeno.

Kilomita kwenye dashibodi hazikubadilika, jambo ambalo wengi huniuliza. Katika gari hili hesabu hiyo huhifadhiwa kwenye mita na boksi la injini halihusiki nayo. Umbali kwa lita moja ya mafuta, ambao wakati wa kumisi ulishuka hadi kilomita 8, umerudi kwenye kilomita 13 nilizozizoea.

Nimefurahi, lakini gari langu lilikuwa kesi rahisi, na nisingependa mwenye gari la namna nyingine asome haya akakimbilia Gerezani na sampuli mkononi. Toyota zenye funguo za chipu zinahitaji boksi litambulishwe. Katika baadhi yake ambazo kifaa cha funguo kiko peke yake, fundi huunganisha pini ya 4 na ya 13 za soketi ya kupimia na kuacha swichi ya gari imewashwa kwa dakika 30 hadi vifaa hivyo viwili vifahamiane. Katika nyingine ni lazima kumbukumbu ihamishwe kutoka boksi la zamani. Mwenye Hilux ya dizeli ya D-4D ajue kwamba kila nozeli ina namba yake ya kusahihisha kiasi cha mafuta, na kwamba namba hizo lazima ziingizwe kwenye boksi jipya kwa mashine, la sivyo injini itagonga na kutoa moshi huku kila mtu akizilaumu nozeli. Wenye Volkswagen na BMW nawapa pole. Huko kompyuta ya injini imefungamana na mfumo wa funguo tangu kiwandani, na boksi la mtumba bila mtu wa kunakili data zote za lile la zamani ni kipande cha aluminiamu cha bei kali.

Gharama yangu halali ilikuwa hivi: upimaji shilingi 40,000, kupaka gundi kioo 35,000, boksi 230,000 na ufundi wa kufunga 60,000, jumla 365,000. Zile 118,000 za gereji ya kwanza sizihesabu humo. Ni ada ya shule. Fundi umeme nampa alama zote isipokuwa moja, ambayo naipunguza kwa kuwa hakuniandikia popote vipimo alivyovipata, na ningependa kuwa navyo siku gari litakapokwenda kwa fundi mwingine. Duka nalipatia alama ya wastani. Bidhaa ilikuwa nzima, kurudisha kulikubaliwa, na mpangilio wa rafu ni wa kupigiwa mfano kwa eneo lile. Lakini bei haina lebo na hupangwa kwa kumtazama mteja usoni, namba haisomwi hadi mteja alalamike, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, ilitolewa baada ya mimi kuidai mara mbili, wakati ile ya mkono ilitoka haraka sana.

Kuna jambo moja lililobaki. Tulipokuwa tunaondoka na boksi la pili, muuzaji aliniomba nimwachie lile bovu kwa shilingi 20,000. Nilimuuliza la nini. Akasema la kutoa vipuri vya ndani. Inawezekana, maana chipu nzima hutolewa kwenye maboksi yaliyokufa na kufungwa kwenye mengine, lakini kasha lilikuwa limefutwa vumbi, lebo yake inasomeka vizuri, na mteja mwingine mwenye IST kama yangu angeweza kuingia dukani mchana huohuo na sampuli yenye namba ileile. Nililirudisha kwenye mfuko. Sasa liko kabatini nyumbani, na juu ya kasha nimeandika kwa kalamu ya rangi isiyofutika, herufi kubwa: SILINDA YA 3 IMEKUFA, MAJI.